Ukurasa Wako wa Ambassade ya Kalundu

Uvira, Mulongwe, Mei 2023

Mdogo wangu mpendwa Térence,

Pokea salamu za dada yako Louise. Natumaini barua hii itakukuta mzima, kifua kimeacha kukusumbua na baridi ya huko Liège imepungua makali. Sisi huku tunaendelea kwa neema ya Mungu. Mama anakula vizuri, ila goti la kushoto limeanza tena tangu mvua za Pasaka, na ngazi za kanisa anazipanda akiwa ameshika bega langu. Ziwa limepanda tena. Nyumba za chini ya barabara zimeingia maji, wenyewe wamehamia shuleni, na ndagala, dagaa wetu wa ziwani, zimekuwa haba sokoni hadi tunakula sombe la majani ya muhogo kila siku kana kwamba ni amri ya serikali. Mjomba Onesphore wa Luvungi alipita Jumapili akauliza habari zako. Nilimjibu kwamba uko salama na unasoma sana.

Salamu zimekwisha. Sasa nikuambie wazi kwamba nina hasira na wewe, na hasira yenyewe nimelala nayo na kuamka nayo. Nimeamua kuandika kwa kalamu, wala si kwa simu, kwa sababu kwenye simu una tabia ya kunikata maneno, halafu unasema mtandao umeanguka. Barua hii naiweka mkononi mwa Chadrack, mtoto wa shangazi, anayeondoka kesho kwenda kupanda ndege Bujumbura kuja huko kwako. Nimemwapisha asiifungue. Nawe nakuapisha: uisome mpaka mwisho kabla ya kushika simu.

Naanza na lililonichoma zaidi. Jumanne, mbele ya groupe yote ya familia kwenye WhatsApp, ulimwita mzee Marcellin mchawi, mwenye kijicho, mzee aliyekosa mtu wa kumkumbuka na sasa anataka na baba yetu asikumbukwe. Mzee Marcellin, ambaye ua wake na wetu unagusana tangu Kalundu, kabla hujazaliwa, mpaka huku Mulongwe! Ulisahau kwamba Itangishaka, binti yake, ndiye mke wa Chadrack, na kwa hiyo yumo ndani ya groupe? Ulidhani watu wa kwetu wanaolewa halafu wanakuwa viziwi? Itangishaka aliyasoma maneno yako akiwa anamenya muhogo uani kwa baba yake. Mzee akamuuliza kwa nini analia, naye akamsomea. Yote. Hakuruka hata moja.

Na watu wa groupe wakakupigia makofi. Vidole gumba vya njano, mikono ya sala. Mjomba Onesphore, ambaye hajui hata habari inahusu nini, akaandika «Amina».

Niache nirudi nyuma, maana nadhani huko uliko umeyasahau mambo yalivyokwenda, au umeyakumbuka kwa namna inayokupendeza.

Mwaka jana uliandika ukurasa kwenye ile kamusi elezo ya mtandaoni ambayo kila mtu duniani anaweza kuandika. Uliandika juu ya Ambassade ya Kalundu. Haikuwa ambassade, sote tunajua. Ubalozi wa ile nchi ulikuwa Kinshasa. Hapa Uvira waliweka konsuli mmoja, gari moja lenye bendera, na ile nyumba yenye vigae vyekundu inayotazama ziwa. Lakini watu wa Uvira wakishakipa kitu jina hawalirudishi, na mpaka leo mtu wa pikipiki ukimwambia Ambassade anakupeleka pale pale, ingawa ukuta wa nyuma umeliwa na maji na ndani wanakaa popo. Nchi yenyewe siitaji humu. Jina lao limetajwa kwenye ukurasa wako mara za kutosha.

Nilikusaidia, na sikatai. Nilipiga picha za lango, nikapiga za vigae, nikaenda mpaka kwa fundi mzee wa Kavimvira kuuliza nani alichonga ule mlango wa mbao wa sebuleni. Ukurasa ulipotoka niliusoma mara nyingi. Uliandika juu ya konsuli, juu ya ile nishani aliyovishwa kwao kwa kuokoa watu wa Uvira wakati wa vita ya kwanza, ile ya 1996, ukaweka na gazeti la kwao lililosema hivyo. Halafu, katikati, ukaandika mstari ule: kwamba mlinzi wa jengo, Ndayisenga, alifungua lango mchana ule wa risasi, akawaingiza wakazi wa mtaa, na kuwaokoa.

Térence, nililia. Jina la baba yetu! Mtu aliyekufa wewe ukiwa na miaka sita, ambaye hatuna picha yake isipokuwa ile ya kitambulisho iliyofutika pua, sasa yuko mahali ambapo hata mtu wa Japani anaweza kumsoma. Nilimsomea mama kwa Kifaransa, kisha kwa Kirundi. Alikuwa anachagua maharagwe. Alisema tu «eeh», akachukua ungo wake akatoka nje. Nilidhani ni furaha imemzidi. Niliuchapisha ukurasa kwenye karatasi, nikaubandika ukutani karibu na Bikira Maria. Kesho yake karatasi haikuwepo. Mama alisema imeleta mende.

Halafu akaja yule anayejiita Hibou.

Sijui kwa nini mtu mwenye akili zake ajiite bundi. Kwetu bundi akitua juu ya paa watu wanamfukuza kwa mawe, wanaanza kuhesabu wagonjwa wa nyumba. Huyu akatua juu ya ukurasa wako na kuuliza kama jengo lile linastahili makala yake lenyewe, au linatosha kutajwa kwa mstari mmoja ndani ya makala ya uhusiano wa nchi hizo mbili. Aliandika kwamba jengo la ubalozi halirithi umaarufu wa mabalozi waliolala humo. Kwamba hili hata ubalozi siyo. Kwamba mambo ya mlinzi hayana chanzo. Alitaka vitabu, alitaka magazeti ya watu wasiohusika. Na pale juu akabandika tangazo kwamba ukurasa unajadiliwa ufutwe, mfano wa ile alama nyekundu ambayo watu wa cadastre, wapima viwanja, wanapaka kwenye nyumba ya maskini.

Nilikasirika mpaka nikaunguza ugali. Wewe mwenyewe uliwahi kunionyesha ukurasa wa ubalozi fulani wa huko Ulaya, mrefu kuliko Waraka kwa Warumi, na sehemu nzima inazungumzia ngazi zake. Ngazi! Nani alishuka, nani alipanda, mawe yalitoka mlima gani. Hakuna bundi aliyetua pale. Lakini nyumba ya Uvira iwe na ukurasa, aah, hapo wanatafuta miwani. Vitabu watavipata wapi? Aliyekuwa na mashine ya kuandika mwaka ule alikimbia nayo au aliiacha ikaungua. Mwalimu aliyekuwa anaandika mambo ya mtaa alizikwa Makobola. Historia yetu iko kwenye midomo ya watu, na midomo yenyewe inazidi kupungua. Hasira ile ilikuwa ya haki na mpaka sasa siijutii.

Ndipo ukanipigia simu ukasema kuna majadiliano, kila mtu anaweza kutoa neno lake, niite watu. Nikaita. Nifanyeje tena? Huku kwetu mtu akiwa na shauri la mtaani kwa shefu wa kartié haendi peke yake. Anapita kwa majirani, nao hawamwulizi sana shauri linahusu nini. Wanavaa, wanaenda, wanakaa nyuma yake, na kila mmoja anasimama kwa zamu yake na kusema neno lile lile, ili shefu aone kwamba huyu ni mtu mwenye watu. Ukisimama ukasema la kwako tofauti, unaonekana umekuja kuharibu. Hivyo ndivyo tulivyolelewa, na wewe pia, usijifanye umezaliwa Liège.

Wakaja kweli. Walijaa kwenye ile secrétariat public ya Mama Niyonsaba, kando ya barabara, pale wanapopiga fotokopi. Akina mama wa kwaya walikuja na sare. Katekista alikuja na koti. Walipanga foleni mpaka kwenye mtaro, kila mmoja akakaa mbele ya kompyuta ile moja, Mama Niyonsaba akamfungulia jina la kuingilia, akamwandikia: «Ibaki. Jengo hili tunalijua.» Wengine hawajui kusoma, lakini walitaka kuona neno lao likiingia, wakaondoka wamenyoosha shingo. Siku hiyo nilijivunia mtaa wetu kama siku ya harusi.

Mzee Marcellin naye alikuja. Alikuja wa mwisho, na fimbo yake, amevaa lile shati jeupe la Jumapili. Nilikuwa nimekwenda kununua maji kwa ajili ya watu, niliporudi nilimkuta anatoka. Alinishika mkono tu akaenda zake.

Mama hakuja. Alisema goti.

Jibu la Hibou unalijua. Aliandika kwamba ni dhahiri hawa wote ni mtu mmoja aliyevaa vinyago vingi, kwa kuwa wametokea mahali pamoja, mchana mmoja, na maneno ni yale yale. Wakafungiwa wote wasiandike tena, katekista akiwemo, kama wezi wa kuku. Nilipomweleza Mama Niyonsaba alicheka mpaka akakaa chini: «Eti siye bote tuko muntu moja! Huyu bundi iko namna gani? Haijaonaka watu?» Wengine hawakucheka. Mama mmoja wa kwaya aliniuliza kama polisi watakuja. Na wewe, badala ya kuwaombea radhi watu walioacha mashamba yao kwa ajili yako, ulinipigia ukasema nimekuaibisha mbele ya wahariri. Mimi nimekuaibisha! Nilimeza hilo. Nilijisemea mtoto wa watu amechoka, ana mitihani.

Siku chache baadaye ukaleta jambo la mwisho. Ulisema imebaki njia moja: mama arekodiwe sauti, asimulie kwa kinywa chake jinsi baba alivyofungua lango. Una rafiki mwandishi wa gazeti. Atasikiliza, ataandika, na gazeti likishaandika Hibou atakuwa hana la kusema. Ulitaka sauti ifike upesi, kabla hawajatoa uamuzi. Ukasema tena, nakumbuka vizuri, kwamba baba alikufa bila kitu, na angalau hili tumpe.

Halafu, kabla sauti haijafika, mtu asiye na jina, kutoka Uvira, akaandika pale kwenye majadiliano: «Futeni. Lango halikufunguliwa. Nilikuwepo.»

Hibou aliliondoa neno hilo saa ile ile kwa kuwa halina chanzo, lakini wewe ulikuwa umekwisha kuliona. Ukapiga hesabu zako. Ukasema katika watu wazima wa mtaa ule wa zamani wa Kalundu wamebaki wawili tu, mama yetu na mzee Marcellin. Mama hawezi, kwa hiyo ni Marcellin. Hesabu ya msomi! Ukaingia kwenye groupe ukamwaga sumu yako yote.

Térence, kaa chini.

Aliyeandika neno lile ni mama. Vidole vilikuwa vyangu, maneno yalikuwa yake. Aliyasema kwa Kirundi, nikayageuza Kifaransa, akanitaka nimsomee tena kwa Kirundi aone kama sijayalainisha.

Ilikuwa hivi. Nilimwekea simu mbele yake uani, nikamwambia mama, Térence anaomba sauti yako, simulia ya lango. Aliitazama simu kama mtu aliyewekewa nyoka. Aliniambia niizime. Nikamwambia ni kwa ajili ya baba. Hapo akapandisha sauti ambayo sijamsikia nayo tangu tukiwa wadogo, akasema kama ni kwa ajili ya baba basi nisikilize, na nikimaliza kusikiliza nitajua mwenyewe la kufanya na hiyo simu.

Konsuli, anasema mama, hakuokoa mtu. Konsuli aliondoka siku iliyotangulia kwa mtumbwi wa injini, kutoka bandarini Kalundu kwenda Bujumbura, na masanduku yake na mbwa wake. Alimwachia baba ufunguo na neno moja, kwamba asimfungulie mtu yeyote, na akifungua asihesabu tena kazi. Nishani waliyomvisha wanajua wenyewe walimvisha kwa lipi. Ila gazeti lipo, chanzo kipo, na hilo Hibou halimsumbui hata kidogo.

Mchana ule risasi ziliposhuka kutoka milimani, watu wa mtaa walikimbilia Ambassade kwa sababu ukuta wake ulikuwa mrefu na wa mawe. Walijaa mbele ya lango. Mama alikuwa amekubeba mgongoni, na mimi, niliyekuwa na miaka minne, amenishika mkono. Mimi nakumbuka baridi ya chuma kwenye shavu na nguo ya mama ikivutwa, basi. Kumbe aliyeivuta ni baba. Ndani ya lango kulikuwa na mlango mdogo wa kupita mtu mmoja. Baba aliufungua kiasi cha mkono, akamshika mama kitenge, akatuvuta ndani sisi watatu, akaufunga. Akageuza ufunguo.

Aliyekuwa ubavuni mwa mama alikuwa Victoire, mke wa mzee Marcellin. Walikuwa wameshikana mikono njia nzima kutoka nyumbani. Mama anasema mkono wa Victoire ulikuwa umeshaingia ndani, na baba aliusukuma nje. Anasema Victoire hakupiga kelele. Alimwita baba kwa jina, polepole, kama mtu anayeomba moto kwa jirani: «Ndayisenga, ni minye. Fungula.» Marcellin alikuwa nyuma yake akisukumwa na watu. Mama alimwomba baba kwa Mungu na kwa watoto wake. Baba alikaa chini akaegemeza mgongo kwenye lango, ufunguo mkononi, akirudia kwamba wakiingia wote wenye bunduki watawafuata humo humo tufe wote. Labda alisema kweli, anasema mama. Labda. Halafu risasi zikafika pale mbele, na Victoire akaacha kuita.

Itangishaka alipona kwa sababu wiki ile alikuwa Makobola kwa nyanya yake.

Basi ndivyo lango lilivyofunguliwa. Ile habari uliyoiandika ulipewa na mama mwenyewe. Baba alipokufa ulikuwa unalia usiku ukiuliza kwa nini wenzako wana baba, naye akakuambia, ili ulale, kwamba baba yako alifungua lango watu wakapona. Alitaka ulale tu. Hakujua kwamba siku moja utalibeba neno lile mpaka Ulaya na kulitundika mbele ya dunia nzima. Ulipoliandika alinyamaza, akidhani litapita kama mambo mengine ya simu. Ila aliposikia kwamba nimeita mtaa, na kwamba mzee Marcellin amekuja na fimbo yake na shati jeupe kumshuhudia Ndayisenga kuwa alifungua, hakuweza tena kumeza chakula. Ndiyo maana akasema niandike futeni.

Unakumbuka shamba la muhogo la mzee Marcellin kule Kavimvira? Hukumbuki, ulikuwa mdogo. Baba alikuwa analilima kabla ya kulima letu, kila msimu mpaka alipoanguka. Mimi nilidhani ni ndugu yetu. Hakuna aliyetueleza, na Marcellin hakuwahi kumfukuza wala kumshukuru.

Utauliza kwa nini sikukujibu Jumanne ile ile ulipotukana. Mama alinikataza. Alisema yeye kwanza ndiye wa kwenda, kwa miguu yake, na goti lake. Alipika kasikisi, ile pombe ya ndizi, akangoja iive. Alhamisi asubuhi tukaingia kwa mzee Marcellin, mimi nimebeba kibuyu. Alitukaribisha kama siku zote, akatutolea viti. Unajua desturi: aliyeleta pombe huionja kwanza, mwenyeji aone kwamba haina kitu, ndipo naye anywe. Mama alimimina, lakini hakuonja. Alipiga magoti pale chini, na goti lile bovu, akasema yote, tangu mkono wa Victoire mpaka neno la futeni. Mzee alishika kikombe muda wote bila kukileta mdomoni.

Alipomaliza, mzee alimwambia ainuke. Kisha akanywa, bila kungoja mama aonje.

Akasema neno lile la kufuta alijua ni la mama tangu Itangishaka alipomsomea, maana hakuna mwingine. Nikamuuliza, na sauti yangu ilikuwa mbaya, nakiri, kama siku ile kwa Mama Niyonsaba alijua alichokuwa anakitilia neno lake. Alinijibu kwamba alijua. Alimwomba Mama Niyonsaba amsomee ukurasa wote kwanza, akamwomba arudie mahali pa lango. Mama Niyonsaba nimemuuliza baadaye. Ni kweli, alimsomea mara mbili, na mzee akasikiliza macho yamefumbwa hata akadhani amesinzia. Halafu ndipo akamwambia aandike ibaki.

Nikamuuliza kwa nini. Namnukuu kama alivyosema, maana mimi siwezi kuyasema vizuri zaidi: «Ule mutoto haikukosea muntu. Iko natafuta baba yake. Minye niko muzee, nimunyime baba juu ya nini?»

Huyo ndiye uliyemwita mchawi mbele ya binti yake.

Nina hasira, Térence. Nina hasira na konsuli na mbwa wake. Nina hasira na Hibou, aliyefuta neno la kwanza na la mwisho ambalo mama yangu amewahi kuiambia dunia, akaliacha la nishani kwa sababu limechapishwa. Nina hasira na baba, na sijui niipeleke wapi, kwa sababu nisingekuwa hai kuwa nayo. Lakini iliyo kubwa zaidi ni juu yako. Wewe ndiye unayeweza kufanya kitu.

Sauti ya mama haitakuja. Picha nyingine za lango sitapiga. Kama ukurasa utafutwa, ufutwe. Mimi sijui kama jengo lile linastahili ukurasa wake, na wala sijali tena wakijadili mpaka ziwa limalize kulila. Ila likibaki, mama anataka uandike hivi, na nimeyaandika kama alivyoyasema: kwamba lango lilikuwa limefungwa, kwamba mlinzi Ndayisenga alikuwa na ufunguo, akamfungulia mke wake na watoto wake wawili, akafunga, na kwamba nje, mbele ya lango, alibaki Victoire, mke wa Marcellin, pamoja na wengine. Hibou atasema hakuna chanzo. Mwambie chanzo kiko Mulongwe na kinaumwa goti, apande ndege aje akisikilize. Akiondoa, andika tena. Akiondoa tena, jina la baba nalo uliondoe kwa mkono wako, lisikae pale peke yake.

Na kwenye groupe, pale pale ulipotukania, ukane maneno yako. Usiandike kwamba kulikuwa na kutoelewana. Andika kwamba ulikosa. Kisha umpigie mzee simu kupitia kwa Itangishaka, uongee naye kwa mdomo. La kumwambia sikufundishi.

Jihadhari na baridi, na kula. Wasalimie wenzako wa chuo na yule padri anayekusaidia. Mama anakusalimu, anasema hana hasira nawe, hasira amenipa mimi niibebe, na anakuombea kila siku. Itangishaka hajakusalimu, na sikumlazimisha. Mzee Marcellin anakusalimu sana. Nilipokuwa natoka kwake alinifuata mpaka kwenye ua kuniambia nisisahau kuandika kwamba anakusalimu, na anauliza kama kifua chako kimepona.

Ni mimi dada yako wa tumbo moja,

Louise Akimana